Tukisema Tulikuwa na Bahati

Kikundi chetu cha kusoma hapa Juba kina desturi. Kila Jumamosi, mtu akishatuambia kitabu alichosoma siku hizi, lazima atoe na hadithi moja ya bahati yake mwenyewe. Hadithi za njaa na risasi hatuziombi; hizo kila mtu anazo, na watu wa mashirika wameshaziandika kwenye fomu zao mara nyingi. Tunaomba bahati. Pochi iliyoanguka Konyokonyo ikarudishwa na hela zote ndani. Simu iliyoibwa, ukaipigia, mwizi mwenyewe akapokea na kusema njoo uchukue, kioo chake kimepasuka sana. Watu wanacheka, chai inazunguka, tunarudi nyumbani wepesi.

Kazi yangu ni vijana, na kikundi hiki ni sehemu ya kazi hiyo. Kwa hiyo nakaa pale nikisikiliza kuliko kusema. Na kwa kusikiliza nimeona kwamba neno hili bahati tunalibebesha mizigo mingi, mingine si yake. Naliandikia hapa kwa sababu wengi wanaosoma jarida letu ni watu wa njia hiyohiyo: yule wa Kongo aliyefikia Makpandu, yule wa Khartoum aliyeko Gorom, na sisi tuliolelewa Kakuma tukarudi na Kiswahili mdomoni. Kila mmoja wetu yuko hapa kwa sababu kuna kitu hakikumpata. Sasa mtu aliyepona akisema "nilikuwa na bahati", anasema nini juu ya yule ambaye hakupona?

Tuchukue kitabu cha John Bul Dau, God Grew Tired of Us, kilichotoka 2007. Nakala yetu haina jalada na imepita mikono mingi. Dau anasimulia usiku wa mwaka 1987 kijijini Duk Payuel, Jonglei, walipovamiwa. Alikuwa mtoto. Akakimbia gizani, akamwona mtu mzima, akadhani ni baba yake, akaenda naye. Kulipokucha, kumbe ni jirani. Jirani huyo ndiye aliyetembea naye, uchi na njaa, mpaka Ethiopia.

Tulipofika hapo kikundi kiligawanyika. Mmoja alisema Mungu ndiye aliyemweka yule jirani pale. Mwingine akasema hapana, kijana alikuwa mwerevu, alijua upande wa kukimbilia. Walibishana vizuri tu, kwa heshima. Lakini mimi nilikuwa nawaza wale watoto wengine wa usiku ule ambao hawakukuta mtu wa kuwashika mkono. Kama Mungu alichagua, basi kwao alipita bila kusimama. Kama ni akili, basi wao walikuwa wajinga. Majibu yote mawili yanamsifu aliye hai na kumshitaki aliyekufa, na aliyekufa hayupo kujitetea. Gizani hakuna aliyejua upande. Neno bahati peke yake ndilo linaloacha marehemu bila lawama, ndiyo maana mimi nalipenda.

Mama mmoja wa kanisani kwetu alinisikia nikisema hivi akanivuta pembeni. "Mwanangu, usimnyime Mungu shukrani yake." Namheshimu sana, na sikumjibu kwa ubishi. Nilimwambia, Mama, kushukuru ni jambo moja. Mtu ashukuru hata kwa kupiga magoti usiku kucha, hiyo ni kati yake na Mungu wake. Ila kumweleza mama mwingine kwa nini mtoto wako alirudi na wake hakurudi, hilo ni jambo tofauti kabisa. Alinyamaza kidogo, akasema na yeye ana mtoto ambaye hakurudi. Tukaishia hapo.

Mpaka hapo naona niko mahali salama. Shida inaanza tunapotoka kwenye giza la Duk Payuel na kuingia ofisini kwenye taa.

Wote waliokaa Kakuma wanajua habari ya wale vijana walioitwa Lost Boys. Kambi ilifunguliwa 1992 kwa ajili yao, baada ya kufukuzwa Ethiopia. Kuanzia mwaka 2000 Marekani ikaanza kuwachukua, na wakaenda zaidi ya 3,500. Wasichana kati yao walikuwa 89. Rudia kusoma hiyo namba. Si kwamba wasichana hawakutembea ile njia. Walitembea, wakavuka mito ileile. Ila kambini wavulana waliachwa waishi makundi peke yao, na wasichana, kwa mila zetu, wakagawiwa kwenye familia. Ilipofika siku ya kuhesabu watoto wasio na wazazi, mvulana alionekana yuko peke yake, na msichana akaonekana ana nyumba. Ndani ya nyumba hiyo wengi walikuwa wanachota maji, wanapika, wanalea watoto wa watu, na kuna waliokuwa wanasubiriwa wakue waletewe ng'ombe. Karatasi haikuyaona hayo.

Mvulana aliyepanda ndege akisema alikuwa na bahati, sina neno naye. Hakuchora ile fomu. Lakini msichana aliyebaki akiambiwa kwamba yeye alikosa bahati, hapo nakataa. Kuna mtu alishika kalamu. Inawezekana alikuwa mtu mwema, amechoka, ana watoto wengi wa kuandika kabla ya jioni. Bado alikuwa mtu, na swali lilikuwa limeandikwa na watu, na lingeweza kuandikwa vingine.

Jambo hili si la zamani. Januari 2025 Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa na tarehe ya ndege mkononi wakaambiwa safari zimefutwa. Aprili mwaka huohuo ikafuta viza zote za wenye pasipoti ya Sudan Kusini. Mtaani nilisikia neno moja tu: bahati mbaya. Kijana mmoja ninayemfahamu, ambaye familia yao ilikuwa karibu kuondoka, alipelekwa na shangazi yake kuombewa usiku tatu mfululizo ili mkosi umtoke. Usiku tatu bila chakula, watu wanakemea mkosi kichwani kwa mtoto wa miaka 19 ambaye kosa lake ni kwamba sahihi imewekwa mezani mbali sana na hapa. Akaanza kuamini. Akaacha kuja mpirani, akisema akicheza timu itafungwa.

Mvua ikininyeshea njiani, hiyo ni bahati mbaya. Mtu akinimwagia maji kutoka dirishani, nina haki ya kuinua kichwa na kuangalia ni nani. Nilimwambia huyo kijana maneno hayo, na nikakaa naye tukasoma tangazo lenyewe, neno kwa neno, kwa kamusi. Ndege haikurudi, siwadanganyi. Mpirani amerudi.

Sasa nije kwenye kitabu kilichotusumbua kuliko vyote mwaka huu, na kilikuwa kijitabu tu cha kurasa chache. Alikileta msichana anayeitwa Bakhita. Juba imejaa akina Bakhita. Hata redio ya Kanisa Katoliki hapa mjini ni Radio Bakhita. Jina hilo ni ndugu wa neno letu bahati, shina lao ni moja, na maana yake ni mwenye bahati.

Josephine Bakhita alizaliwa Darfur karibu mwaka 1869. Akiwa mtoto mdogo alitekwa na wauza watumwa, na kwa hofu akalisahau kabisa jina ambalo wazazi wake walimpa. Waliomteka ndio waliomwita Bakhita. Aliuzwa mara kadhaa. Bibi mmoja aliyemmiliki aliamuru achanjwe mwili mzima kwa wembe na vidonda vipakwe chumvi ili alama zibaki. Mwaka 1883 akanunuliwa Khartoum na balozi mdogo wa Italia, miaka miwili baadaye akafika Italia, na Novemba 1889 mahakama ya Venice ikasema huyu si mtumwa wa mtu yeyote. Akawa mtawa. Akafariki 1947 huko Schio, na tarehe 1 Oktoba 2000 Papa Yohane Paulo II akamtangaza mtakatifu.

Msichana wetu alifunga kijitabu akauliza, bila kucheka: "Wale waliomteka walipomwita Mwenye Bahati, walikuwa wanamdhihaki? Na sasa kwa sababu amekuwa mtakatifu, ina maana walisema kweli?"

Hapo chai ilipoa. Kuna jambo linajulikana juu ya mtakatifu huyu, kwamba alisema angekutana na waliomteka angepiga magoti na kubusu mikono yao, maana bila yale asingekuwa Mkristo wala mtawa. Wengine kwenye kikundi walisema hilo ndilo jibu, limeisha. Mmoja akasema hawezi kuisikia hiyo habari bila kukasirika.

Mimi nilivyofikiri ni hivi, na sijabadilika. Yeye alikuwa na ruhusa ya kusema hivyo. Ngozi iliyochanjwa ilikuwa yake, msamaha ulikuwa wake, aupe atakaye. Mimi sina ruhusa hiyo. Nikisema wale wafanyabiashara walimletea bahati, nimewalipa mshahara ambao hawakuufanyia kazi. Wao walitaka hela. Katika mpango wao hapakuwa na Venice wala utakatifu, na watoto wengine waliouzwa kwenye soko lilelile hakuna redio yenye majina yao.

Najua ninaposimama ninaposema hivi, kwa sababu swali hilohilo huulizwa kwetu tuliorudi. Binamu zangu waliobaki na ng'ombe hawakusoma. Mimi nilisoma Kakuma mpaka nikamaliza sekondari. Mara nyingi mtu huniambia, tena kwa utani wa kirafiki, "Nyinyi vita viliwapa bahati bana, mlipata shule." Na ukipiga hesabu upesi ni kweli: kama si vita, nisingekuwa Kakuma, kama si Kakuma, nisingeandika hapa.

Lakini vita havikuwahi kunifundisha hesabu. Alinifundisha mwalimu mmoja, mkimbizi kama mimi, aliyelipwa hela kidogo ambayo huona haya kuitaja, darasa la mabati, jua la Turkana, watoto tumebanana wanne kwenye dawati la wawili. Kila siku alikuwa na sababu nzuri ya kutokuja na alikuja. Nikisema shule ilikuwa bahati, nampokonya yule mwalimu kazi yake ya miaka na kuigawia bure ile milio ya bunduki iliyotutoa kwetu. Shukrani yangu ina anwani, na si hiyo.

Ndiyo maana napenda alivyofanya Emmanuel Jal, mwanamuziki, ambaye kitabu chake War Child nilikimaliza mwezi uliopita. Alikuwa mtoto mwenye bunduki. Emma McCune, yule Mwingereza ambaye wazee wa hapa wanamkumbuka zaidi kwa sababu ya aliyemuoa, alimficha ndani ya ndege akamfikisha Nairobi. Emma alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1993. Jal angeweza kusema tu kwamba Mungu alimpendelea, na watu wangeitikia amina. Akatunga wimbo, akaupa jina la huyo mama. Najua watoto wenye bunduki walikuwa wengi na nafasi ndani ya ndege ilikuwa ya mmoja. Hapo bahati ipo, siikatai. Lakini kuna mkono wa mtu pia, na Jal ameuonyesha.

Desturi yetu ya Jumamosi hatujaiacha. Wengine walitaka tuiondoe hiyo sehemu ya bahati, wakisema nimeiharibia utamu. Tukakubaliana tuongeze swali moja: mtu akimaliza hadithi yake, anaulizwa ni nani mwingine alikuwepo. Basi. Si lazima ajibu. Hadithi za pochi na simu zimebaki za kucheka kama kawaida, na zimeongezeka, nafikiri kwa sababu zinajibika kirahisi.

Juzi kijana mmoja anayeuza kadi za simu alitusimulia alivyopona kwenye barabara ya Nimule. Alifika kituoni asubuhi akakuta gari limejaa, akatukana kidogo, akangoja lingine. Lile la kwanza lilishambuliwa njiani. Zamani tungepiga makofi hapo. Tulimuuliza nani alikuwepo. Akasema kiti cha mwisho, ambacho alidhani ni chake, kilichukuliwa na mama mmoja aliyekuwa amebeba mtoto mgongoni, na hajui kama walitoka. Kila akipita kituo cha magari ya Nimule huwauliza madereva na makondakta kama kuna anayemjua. Wanamwambia abiria ni wengi.