Mwenye Nguvu na Mwaminifu: Khutba ya Ijumaa kwa Vijana Watafutao Mafunzo ya Kazi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni, pamoja na nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu, kwani takwa haibaki msikitini mtu atokapo, bali hufuatana naye hata penye mlango wa afisi anayoiendea kuomba kazi. Msimu huu vijana wetu wa vyuo hapa Unguja wanazunguka mjini, bahasha za kaki kwapani, wakitafuta pa kufanyia mafunzo ya vitendo, yale wayaitayo fildi. Nami juzi nilionyeshwa barua ya mmoja wao, jina la afisi ya kwanza limefutwa kwa wino mweupe na la pili limeandikwa juu yake, nikasikitika, kwa kuwa aipokeaye hutambua mara moja kwamba mwombaji hakumkusudia yeye.

Katika Sura ya Al-Qasas tumesimuliwa habari za Nabii Musa, amani iwe juu yake, alipofika Madyan hana kazi, hana jamaa, wala hana wa kumtambulisha. Penye maji aliwakuta wanawake wawili wamewazuia wanyama wao mpaka wachungaji waondoke. Naye hakungoja kuajiriwa ndipo afanye kazi, bali aliwanyweshea, kisha akajitenga kivulini akamwomba Mola wake kheri. Basi nawe mwanafunzi, kabla hujabisha hodi, ijue kazi ya pale unapokwenda, uandike barua iliyo ya afisi ile peke yake, uipeleke mapema, na bawabu wa mlangoni umwamkie kwa adabu ile ile utakayomwamkia mkurugenzi.

Alipoitwa na yule mzee, baba wa wanawake wale, Musa alimsimulia kisa chake, na ndani yake mlikuwa na jambo zito, maana alikimbia Misri baada ya kumuua mtu pasina kukusudia. Na mzee akamtuliza moyo. Huo ulikuwa usaili wa kweli. Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui na kwamba u tayari kujifunza, wala usijisifu kwa ujuzi usionao, kwani uongo wa kwenye karatasi hufichuka siku ya kwanza mezani. Binti aliyemshauri baba yake amwajiri Musa alitaja sifa mbili tu, nguvu na uaminifu: nguvu ya mhasibu ni hesabu zake, nguvu ya muuguzi ni mkono wake mwepesi, ama uaminifu ni mmoja kwa wote.

Kisha wakapatana waziwazi: miaka 8, na ikitimia 10 itakuwa hisani ya Musa mwenyewe. Nanyi ulizeni kabla ya kuanza: nani atanisimamia, nauli ni juu ya nani, nani atatia saini daftari langu la kila siku, na daftari hilo lijazwe jioni ile ile, kwani kuandika kazi usiyoifanya ni kushuhudia uongo. Mzee wa Madyan alisema hataki kumtaabisha Musa. Basi nanyi wakuu wa afisi, msimfanye kijana wa watu mchemsha chai mpaka muda wake uishe, wala msipokee kitu mkononi ndipo mlango ufunguke, kwani rushwa ni haramu kwa mtoaji na mpokeaji.

Nawe uliyekataliwa mara ya nne, usivunjike moyo: Musa alikaa kivulini, mgeni na mhitaji, na riziki yake ikamjia ikitembea kwa haya, kwa miguu ya binti aliyemtekea maji bila ya kumdai ujira.

Nasema haya, nami namwomba Mwenyezi Mungu msamaha, kwa ajili yangu na yenu.

Khutba ya Pili

Ewe Mola wetu, wafungulie vijana wetu milango ya halali, wape elimu yenye manufaa na ndimi zisizosema uongo, na uwatie insafu nyoyoni wale uliowapa mamlaka ya kuajiri. Amin.