Mtu wa Unga

Siku za Jumamosi, mama yake anapokwenda sokoni, mjukuu wangu hushinda nasi hapa Ipogolo. Hajatimiza miaka mitatu. Nyumba yetu haiko mbali na barabara kuu, na mchana kutwa twasikia malori yakibadili gia kuelekea Mbeya na Tunduma. Ndiyo maana neno lake la kwanza la hesabu, kama naweza kuliita hivyo, lilikuwa "gudumu". Chochote cha mviringo kilikuwa gudumu: sahani, jua, hata kifungo cha shati langu.

Mstaafu hana shughuli nyingi, nao ualimu haukunitoka siku nilipokabidhi funguo za ofisi. Nikaona nimfundishe maumbo. Ubao sina, na hata ningekuwa nao usingenifaa, kwa kuwa mtoto wa umri ule hajifunzi kwa macho peke yake, hujifunza kwa viganja. Basi mke wangu anapokanda unga wa chapati, sisi wawili huomba donge letu. Tukilisukuma, tunapata duara. Tukilikata kama andazi, tunapata mraba, na mraba ukipasuliwa kutoka pembe hadi pembe huzaa pembetatu mbili, jambo ambalo humchekesha kila mara kana kwamba nimefanya mazingaombwe. Wala si uvumbuzi wangu. Mjerumani Friedrich Froebel, aliyefungua shule yake ya watoto wadogo huko Blankenburg mwaka 1837, aliwapa mpira wa sufi, kisha tufe, mcheduara na mchemraba vya mbao, wavishike kabla ya kuvijua. Haya tulifundishwa chuo cha ualimu, tukayaandika kwenye madaftari, kisha tukaenda kufundisha watoto sitini darasani kwa chaki na fimbo.

Mke wangu hakupendezwa. "Mwalimu," akaniambia, "chakula si mchezo."

Sikumbishia. Sote wawili tulikuwa watu wazima mwaka 1974, ukame ulipoiacha nchi bila mahindi ya kutosha, tukala ule unga wa njano uliotoka ng'ambo, ambao watu waliuita unga wa Yanga kwa sababu ya rangi ya timu ile. Aliyepanga foleni kwa ajili ya kilo mbili za unga hawezi kuona donge likitupwa sakafuni akanyamaza. Tukakubaliana hivi: kitakachofinyangwa kwa unga kitapikwa na kuliwa, na aliyekifinyanga ndiye atakayekila. Mengine tutayafanya kwa udongo wa mtoni na magunzi ya mahindi, kama tulivyofanya sisi tulipokuwa wadogo, kwani ni nani aliyekulia Nyanda za Juu asiyewahi kumwona dada yake amebeba gunzi mgongoni akilibembeleza lilale?

Kutoka kwenye maumbo tukafika kwenye mwili. Tulimfanya mtu wa unga: kichwa duara, macho punje mbili za choroko, mikono, tumbo, miguu. Mjukuu aligusa kila kiungo akakitaja, kisha akagusa chake mwenyewe. Siku moja kidole chake kilishuka chini ya tumbo la yule mtu kikabonyeza.

"Babu, hapa?"

Nikasema, "Miguu."

Akanitazama. Akashika miguu ya yule mtu, mmoja baada ya mwingine. "Miguu hii. Hapa?"

Nilimchukua mtu wa unga nikambamiza, nikamsukuma akawa chapati. Mke wangu alikuwa ameinamia jiko, lakini najua alisikia.

Msomaji wangu, sikulala vizuri usiku ule, na sababu haikuwa mjukuu. Katika miaka ya 1980 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi ya kijijini, ambayo jina lake silitaji. Palikuwa na msichana wa darasa la pili aliyekuja ofisini mara kwa mara akisema tumbo linamwuma. Mara ya kwanza nilimruhusu arudi nyumbani. Mara ya pili pia, tena nilimhurumia. Mara ya nne au ya tano nilimwambia kuwa amezoea uvivu, nikampa ufagio. Ilikuja kujulikana baadaye, kwa njia nisiyopenda kuieleza hapa, kwamba mtu mzima wa karibu na nyumba yao alikuwa akimdhuru, na kwamba kule nilikokuwa nikimruhusu kurudi ndiko alikokuwa akidhuriwa. Muuguzi alimwuliza kwa nini hakusema. Mtoto akajibu, "Nilisema. Nilimwambia mwalimu tumbo linauma."

Alisema kweli. Picha ya mwili iliyobandikwa ukutani mwa darasa lake niliichora mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikaandika majina kwa herufi kubwa. Baada ya TUMBO lilifuata neno MAPAJA. Yule mtoto alilitumia neno lililokuwa karibu zaidi miongoni mwa yale niliyompa.

Tangu mwaka 1998 tunayo sheria kali ya makosa ya kujamiiana, na mwaka 2009 ikaja Sheria ya Mtoto. Nazisifu zote mbili. Lakini sheria husubiri malalamiko, na malalamiko yahitaji nomino. Asiye na jina la mahali hawezi kusema ameumizwa wapi.

Najua watu wa rika langu watanijibu kwamba hiyo ni heshima, na kwamba lugha yetu imejaliwa tafsida ili tusitukanane. Naam, mimi ni mwalimu wa Kiswahili, sitaki matusi yaingie nyumbani mwangu. Hata hivyo, hebu tulitazame lile neno letu la adabu, "sehemu za siri". Siri ni kitu gani? Ni jambo usilopaswa kumwambia mtu. Tunamfunza mtoto tangu anapoanza kutamka kwamba eneo lile ni siri, halafu anakuja mwovu na kumwambia, "Hii ni siri yetu." Mtu huyo hakuhitaji kubuni neno lolote, sisi tulikwisha kumtayarishia. Laiti tungesema sehemu za faragha! Chumba changu ni cha faragha, huingii bila hodi. Lakini mwizi akikivunja, nitapiga yowe mtaa mzima usikie. Sioni kwamba heshima ingepungua hapo. Na maneno uke na uume si matusi, yamo katika vitabu vya sayansi vya shule zetu. Tatizo ni kwamba tunayafungia mpaka mtoto awe mkubwa.

Asubuhi yake nilimweleza mke wangu yote haya, pamoja na habari ya yule msichana, ambayo kwa zaidi ya miaka thelathini sikuwahi kumsimulia. Nikamalizia kwa methali, kama walimu tulivyozoea: mficha uchi hazai.

Alikaa kimya muda mrefu akichambua mchele. Kisha akasema, "Methali hiyo ni ya mkunga na mzazi, Mwalimu, haimhusu mtu wa unga. Chakula kitakacholiwa sitaki kitajiwe hayo." Nikadhani nimeshindwa. Akaendelea, "Mimi ndiye ninayemwogesha. Nitamtajia nikimwogesha, kila kiungo kwa jina lake, na nitamwambia ni nani anayeruhusiwa kumsafisha na ni nani asiyeruhusiwa. Na mama yake nitamwambia. Wewe baki na pembetatu zako."

Nilitaka kujibu kwamba mtoto aliniuliza mimi, na aliuliza jikoni, wala swali la mtoto haliahirishwi mpaka saa ya kuoga. Bado naamini hivyo. Lakini nilikumbuka ni nani kati yetu aliyechora ile picha ya ukutani, nikanyamaza.

Jumamosi iliyofuata tulimfinyanga mtu mwingine. Mjukuu alitaja kichwa, macho, mikono, tumbo. Alipofika pale, alikibonyeza kidole, akalitaja jina bila kunitazama, kwa sauti ileile aliyotajia tumbo, akaenda kwenye miguu. Mke wangu aligeuka kutoka jikoni akaniangalia mimi, si mtoto. Kisha akaomba apewe yule mtu, kikaango kilikuwa kimeshapata moto.