Mwanafunzi Asiyeonekana

Tangu shule za Uganda zilipofungwa mwezi wa Machi 2020, zisifunguliwe zote hadi Januari 2022, wengi wetu tunaofundisha Kiswahili tumejikuta tukisomesha kwa mtandao, kwanza kwa kulazimika, baadaye kwa hiari. Tukikutana twaulizana namna ya kulifanya somo livutie: picha zipi, muziki upi, maswali ya kubofya yapangweje. Hayo si maswali mabaya. Lakini liko swali lililotangulia hayo yote, nalo ni la haki kabla ya kuwa la ufundi: mwalimu anayepokea ada ya mtu asiyemwona amejifunga kumpa nini?

Aghalabu hujibiwa kwamba amejifunga kumpa somo zuri. Sisi twaliona jibu hilo kuwa pungufu. Aliyenunua kitabu kizuri amekwisha kupata somo zuri, wala hamdai mwandishi kitu. Anayejiandikisha katika kozi anadai zaidi: kwamba akikosea, yuko mtu atakayelisikia kosa lake na kumjibu.

Tuchukue mfano mdogo wa kazi yetu. Mwanafunzi aliyelelewa katika Kiganda, lugha ambamo r na l hupokezana kwa kufuata irabu iliyotangulia, aweza kuyatambua maneno "kura" na "kula" katika zoezi la kuchagua jibu, akapata kumi kwa kumi, na mashine ikampongeza kwa nyota. Kesho yake atasimama mbele ya watu aseme kwamba raia mwema hupiga kula. Video ilikuwa safi na picha zilipendeza, ila katika kozi nzima hapakuwa na mahali palipomtaka atoe sauti yake.

Elimu ya mbali haikuanza hivyo. Isaac Pitman alipofundisha hati mkato kwa posta huko Uingereza, kuanzia mwaka 1840, wanafunzi walimrudishia mazoezi yao, naye akayasahihisha na kuwapelekea tena. Kilichoigeuza karatasi ile kuwa shule ni kule kurudi kwake. Mwaka 2011 kozi moja ya akili bandia, iliyofundishwa kwa mtandao kutoka Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, iliandikisha watu zaidi ya 160,000. Waliofika mwisho walikuwa kama 23,000. Hatuibezi kazi ile. Ilitolewa bila malipo, na hao waliomaliza ni wengi kuliko watakaopita mikononi mwetu maisha yetu yote. Ubaya waanza pale kipimo cha wingi kinaposhikwa na mwenye kutoza ada.

Wala sisi wenyewe hatukusalimika. Katika kozi yetu ya kwanza tuliagiza kila mtu afungue kamera, tukiamini kwamba asiyeonekana hasomi. Mwanafunzi mmoja, mama muuza samaki, hakuifungua hata siku moja. Tukamwandika kuwa hashiriki, na alama tukampunguzia. Kozi ilipokwisha ndipo tulipopata habari kwamba simu ilikuwa ya kaka yake, aliyerudi nayo usiku, na kwamba mama yule alikuwa akisikiliza masomo tuliyoyarekodi saa tano, watoto wamelala, sauti ameipunguza. Yeye alituona wiki zote kumi. Sisi ndio hatukumwona, na kamera haikuwa sababu, hatukumwuliza.

Baada ya hapo tuliyaacha mengi. Kikao cha video cha saa moja chaweza kula mamia ya megabaiti, na bei yake hulipwa na mwanafunzi; dakika moja ya sauti iliyorekodiwa kwa simu haifiki megabaiti moja. Basi kila juma kila mwanafunzi hutuletea dakika moja ya sauti yake, kwa saa aipendayo, nasi humrudishia ya kwetu, tukimtaja kwa jina. Kusikiliza na kujibu kwachukua dakika kama tano. Wanafunzi sitini ni saa tano kwa juma, na hizo ndizo tulizo nazo baada ya shule na kazi za nyumbani. Muda uliokuwa ukienda katika kupamba video umekwenda huko, na video zetu sasa, tukiri, hazina mvuto wowote.

Wako wenzetu wanaosema kwamba kuweka kikomo ni kumfungia mlango maskini, kwa kuwa wanafunzi wakipungua ada hupanda. Hoja hiyo ni nzito, wala hatuna jawabu lake kamili. Twajua tu kwamba maskini aliyeingizwa darasani akaachwa bila jibu amelipa mara mbili, fedha na muda, na aghalabu huondoka akijiona yeye ndiye mjinga.

Juma lililopita tumepata maombi kumi na mawili zaidi ya nafasi tulizo nazo. Tumewaandikia wangoje muhula ujao. Mmoja ametujibu kwa hasira kwamba atakwenda kunakopokewa watu wote.