Je, Mama Afichwe Hesabu?

Vijana wawili wa Shighatini, ndugu wa tumbo moja, walitujia wakiwa na neno zito. Mama yao alikatwa titi kwa sababu ya kansa, akatiwa dawa, kisha akarudi mlimani kwenye migomba na kahawa yake. Mkubwa wao alitafuta katika simu apate kujua ugonjwa huo hurudi kwa wangapi, na wagonjwa huishi miaka mingapi. Akakuta hesabu iliyomtisha. “Baba Padre,” akasema, “tumekubaliana asiambiwe. Je, tumetenda dhambi?”

Swali hili limo katika nyumba nyingi, wala halijibiwi kwa neno moja. Kusema uongo ni kosa. Kunyamaza si uongo daima. Lakini kabla ya kuuliza kama kweli yaweza kufichwa, yafaa tuulize kama kile alichokiona kijana kilikuwa kweli juu ya mama yake.

Alisoma ya kuwa nusu tu ya wagonjwa walikuwa hai baada ya miaka 3. Ndivyo ulivyoonyesha uchunguzi mmoja uliotangazwa mwaka 2020, wa wanawake waliogunduliwa na kansa ya titi tangu 2014 hadi 2017 katika Namibia, Nigeria, Afrika ya Kusini, Uganda na Zambia. Ni kazi ya kweli, nasi twaiheshimu. Lakini Tanzania haikuwamo. Na katika hesabu ile wamechanganywa waliofika hospitali mapema na waliofika ugonjwa umekwisha kuenea, waliomaliza dawa na walioziacha njiani. Mama wa Shighatini yu upande gani? Simu haijui.

Tena hesabu za namna hii huzaliwa zikiwa nzee. Atakaye kujua ni wangapi walio hai baada ya miaka 5 hana budi kungoja miaka 5 ipite. Basi daima asoma habari za dawa za jana. Katika Uingereza, mwaka 2023, ilitangazwa habari ya wanawake zaidi ya 500,000 waliogunduliwa kansa ya titi ikiwa bado changa. Kati ya wale wa miaka 1993 hadi 1999, kama 14 katika 100 walikufa kwayo kabla ya miaka 5. Kati ya wale wa 2010 hadi 2015, kama 5 tu. Aliyeshika kitabu cha zamani angalitishwa karibu mara tatu kupita kiasi.

Kuhesabu kurudi kwa ugonjwa ni taabu zaidi, maana madaftari mengi ya kansa huandika siku ya kugunduliwa na siku ya kufa, si siku ugonjwa uliporudi. Na hapo pana jambo tusilopenda kulisikia: kansa inayolishwa na homoni yaweza kurudi baada ya miaka mingi. Mwaka 2017 walitangazwa wanawake 62,923 wa kansa ya namna hiyo, waliokunywa vidonge miaka 5 na kuimaliza wakiwa wazima. Katika miaka 15 iliyofuata, ugonjwa ulitokea mahali pengine mwilini kwa 13 katika 100 wa wale waliokuwa na uvimbe mdogo na matezi safi, na kwa 41 katika 100 wa wale waliokuwa na uvimbe mkubwa zaidi na matezi 4 hadi 9 yaliyoingiliwa. Kumi na tatu, na arobaini na moja! Nani atawapa hao wote hesabu moja?

Basi tuliwajibu hivi: kumficha mama uvumi mwaweza, kumficha hali yake hamna haki. Mwili ni wake. Atamezaje kidonge kila siku kwa miaka, naye hasikii maumivu, kama hajui kinazuia nini? Bwana wetu alisema juu ya mtu ajengaye mnara, jinsi aketivyo kwanza kukadiria gharama. Naye Mtakatifu Thoma wa Akwino afundisha kwamba tumaini huelekea jema lijalo, lililo gumu kupatikana, lakini liwezekanalo. Asiyejulishwa ugumu hajapewa nafasi ya kutumaini. Lakini na aulizwe kwanza ataka kujua kiasi gani, maana kukataa hesabu nako ni haki yake. Akikubali, aende kwa daktari wake aulize: ugonjwa ulifika hatua gani, matezi mangapi yaliingiliwa, ni wa homoni au sivyo?

Na tukiuliza kwa nini hesabu za kwetu ni haba, sehemu ya lawama ni yetu. Huko Moshi, KCMC, liko daftari la kansa la Kilimanjaro; lakini mama aliyepona, akakosa nauli ya kushuka Mwanga na kwenda mpaka kliniki, ni nani atakayejua kwamba yu hai? Hasemwi kuwa amepona, wala hasemwi kuwa amekufa. Jumuiya ndogondogo huchanga kwa mazishi bila kuombwa. Kwa nauli ya kliniki hatujaziona zikichanga sana.

Baada ya juma moja yule mdogo alirudi. Walikuwa wamemweleza mama yote, naye akacheka. Alikwisha kumwuliza daktari siku nyingi, akawaficha wao wasije wakakosa usingizi. Aliwaomba nauli ya Moshi tu, maana kliniki ilikuwa Jumanne.