Kurudi Darasani Bila Barua

Mwalimu ninayemsimulia alifundisha shule ya msingi huku Tchomia, Djugu, mkoa wa Ituri, zaidi ya miaka kumi. Simtaji jina, wala shule yake siitaji, kwani yaliyompata yanaweza kumpata yeyote kati yetu.

Februari 2018, vita ya Djugu ilipopamba moto, alivuka ziwa Albert kwa mtumbwi pamoja na makumi ya maelfu ya wana Ituri waliokimbilia Uganda. Alishukia Sebagoro, akapelekwa kambi ya Kyangwali. Diplome yake aliifunga kwenye plastiki, akaificha chini ya shati. Lakini kule kambini haikumsaidia: shule za Uganda hufundisha kwa Kiingereza, naye alisoma kwa Kifaransa. Akalima mashamba ya watu.

Mwaka wa shule ulipoanza Septemba 2019, alirudi Tchomia. Direkta alimkumbatia, na siku hiyohiyo akampa chaki na darasa la nne. Wazazi wakafurahi. Kosa lilianzia hapo, na waliolifanya walikuwa watu wema: hakuna aliyeuliza kama jina lake bado limo kwenye listi ya mshahara.

Halikuwemo. Alipokimbia, darasa lake lilipewa mwingine, na nafasi ya mshahara ikaenda na darasa. Kwa hiyo alirudi kama mtu mpya, akaingia kundi la N.U. (nouvelles unités), walimu wanaofundisha bila kulipwa na serikali huku wakingoja kuingizwa kwenye listi. Zamani N.U. waliponea kwenye prime, yaani pesa zilizochangwa na wazazi. Mwezi uleule aliorudi, serikali ilianzisha masomo ya bure katika shule za msingi za umma, na prime ikakatwa. Watoto wakafurika, dawati la watatu likakaliwa na watano.

Ndugu zangu, dalili zilionekana mapema. Hakupewa barua ya afektasyo, ile ya kumpangia mwalimu kazi; aliambiwa tu, "Anza, karatasi zitafuata." Siku ya mshahara wenzake walisaini mmoja mmoja, naye akasimama na kalamu mkononi akitafuta jina lake mpaka mwisho wa ukurasa. "Vumilia, mwalimu, mwezi ujao," direkta akamwambia. Mwezi uliofuata, maneno yaleyale. Mzee mmoja wa shule alimshauri aende ofisi ya elimu kuuliza dosye yake. Aliona haya: angeonekana hamwamini aliyempokea vizuri. Nani kati yetu asingeona haya hiyo?

Dalili nyingine inaniuma zaidi. Mtumbwi wa injini uliponguruma ziwani, alinyamaza katikati ya somo, na watoto wakamngoja. Wenzake waliona, wakasema ni uchovu. Hakuna aliyekaa naye darasani hata wiki moja, kwa sababu alikuwa mzoefu, na mzoefu tulidhani hahitaji mtu.

Kabla mwaka wa shule haujaisha aliacha, akaenda kuuza samaki. Tchomia ikampoteza mara ya pili, safari hii bila vita.

Basi wewe direkta, mtu wako akirudi, mpeleke ofisini kwanza mkatafute dosye yake, ndipo umpe chaki. Na wewe unayerudi, dai barua yako ya afektasyo kabla ya somo la kwanza, hata kama aliyekupokea ni rafiki yako.