Mkono wa Kuagiza, Mkono wa Kuchonga

Anayeagiza kiko cha kuchongwa kwa mkono kutoka Eskişehir, mji ulioko bara la Uturuki magharibi ya Ankara, huanza kwa kumtaja mnyama anayemtaka. Tuseme ni tembo aliyeinua mkonga. Hutuma picha mbili tatu, hueleza urefu wa mrija na upana wa tundu la tumbaku, hutanguliza sehemu ya bei, kisha husubiri. Baada ya majuma kadhaa hupokea kitu cheupe, chepesi kuliko macho yalivyotazamia, kinachonukia nta ya nyuki. Wageni wakimuuliza, hujibu kwamba kiko hicho amekichongesha.

Kitenzi hicho kinastahili kutazamwa kwa makini. Kiswahili hutengeneza kwa wepesi mkubwa vitenzi vya namna hii: kuchonga na kuchongesha, kujenga na kujengesha, kushona na kushonesha. Katika sentensi "Bwana fulani amechongesha kiko," mtendaji ni bwana fulani, kitendwa ni kiko, na mchongaji hayumo. Sarufi haimkatazi kuingia. Inaruhusu tu asitajwe, na sentensi haionekani kupungukiwa. Mtu mzima mwenye macho, visu na miaka ya uzoefu amefichwa ndani ya silabi moja. Swali la makala hii ni kama maadili nayo yanaruhusu kile ambacho sarufi inaruhusu: je, anayeagiza hununua kitu, hununua mikono ya mtu, au hununua uamuzi wake?

Jibu haliwezi kutafutwa bila kulifahamu jiwe lenyewe. Madini haya kitaalamu ni sepiolaiti, jina lililotolewa mwaka 1847 na mtaalamu wa madini Ernst Friedrich Glocker, aliyeyafananisha na mfupa wa ngisi, mweupe, wenye vitundu, unaoelea majini. Wajerumani walikuwa wakiyaita Meerschaum, yaani povu la bahari, ingawa yanatoka ardhini mbali na pwani yoyote. Waturuki huliita jiwe hili lületaşı, jiwe la kiko, na jina hilo lina ukweli zaidi. Katika vijiji vya Eskişehir, kama Sepetçi, wachimbaji huteremka mashimoni na kulitoa kwa madonge yaliyoloa. Likiwa bado bichi hukatika kwa kisu karibu kama sabuni. Likikauka huwa jepesi kiasi cha kuelea. Mchongaji humenya ganda, hulichunguza donge, na ndipo hugundua alichopewa na ardhi: mshipa wa uchafu hapa, tundu pale, ufa usioonekana mpaka jiwe lianze kukauka.

Kwa hiyo kuagiza tembo si kama kuagiza kitambaa kwa mita. Mkonga ulioinuliwa unataka donge refu lisilo na dosari, na madonge ya namna hiyo ni adimu na ghali. Tuseme mchongaji amefika nusu ya kazi, na pale ambapo mkonga ungepanda pana tundu. Anaweza kuushusha mkonga ulale kifuani, naye tembo akawa mwingine, mtulivu zaidi, pengine mzuri zaidi. Anaweza kulitupa donge na kuanza upya kwa hasara yake. Anaweza pia kuunga kipande kwa gundi na kukifunika kiungo kwa nta, na mteja aliye Leeds au Minneapolis asijue kamwe. Njia ya tatu ndiyo inayoyatii maagizo barabara. Hilo ni jambo la ajabu kidogo: anayetii kila neno la mteja ndiye anayelazimika kumdanganya.

Wanazuoni wa Kiislamu waliujadili uhusiano huu mapema, na kwa umakini unaowapita wengi waliowafuata. Kanuni ya jumla ya fiqhi inakataza kuuza kisichokuwepo, na tembo wa kuagizwa hayupo. Wanazuoni wa Kihanafi, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyotawala katika Dola ya Uthmaniya, walikubali mkataba wa istisnaa kwa njia ya istihsani, kwa kuwa watu walikuwa wakiagiza viatu na vyombo tangu zamani bila ya kulaumiwa. Wanazuoni wa Kishafii, wanaofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, hawakuupa mkataba huo nafasi yake peke yake. Waliurudisha kwenye masharti ya salamu, ambayo yanataka bei yote ilipwe pale mkataba unapofungwa. Majalla, kanuni ya madai iliyoandaliwa na Dola hiyo kati ya mwaka 1869 na 1876, ilishikilia kwamba istisnaa ikishafungwa hakuna upande unaoweza kujitoa, isipokuwa kitu kikija tofauti na kilivyoelezwa, ndipo mteja ana hiari.

Penye uzito kwa swali letu ni mabishano ya Wahanafi wenyewe: kinachouzwa hapa ni nini? Abu Said al-Barda'i aliona kwamba kinachouzwa ni kazi. Wengi walimpinga wakasema ni kitu chenyewe, na hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: fundi akileta kiatu alichokishona kabla ya mkataba, au kilichoshonwa na mwenziwe, na mteja akakiridhia, mauzo yamesihi. Basi kazi haikuwa shabaha.

Kwa kiatu hoja hiyo inatosha. Kwa kiko cha tembo haitoshi, na hapa al-Barda'i anastahili kusikilizwa upya. Mteja wa leo anayelipa zaidi ili kiko chake kichongwe na mkono wa fundi fulani hatafuti tembo yeyote aliyeko rafuni. Akijua kwamba mwanagenzi ndiye aliyechonga, ataona ameibiwa, hata kama kila kipimo kimetimia. Anataka kazi. Lakini kazi ya kuchonga jiwe hili ni nini, ukiitoa ile sehemu ya kuligundua tundu na kuamua la kufanya? Kupitisha kisu ni sehemu ndogo yake, na siku hizi mashine inaweza kuigiza sehemu hiyo. Anayetaka kazi ya mtu, kisha akamkataza kuamua, ameomba vitu viwili visivyoweza kukaa katika mkono mmoja.

Upande wa pili una watetezi wazito. Plato, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, anasema kwa kila chombo kuna sanaa tatu: ya kukitumia, ya kukitengeneza na ya kukiiga, na mwenye elimu hasa ni mtumiaji. Mpiga filimbi ndiye anayemwambia fundi filimbi iweje, na fundi hutii. Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Siasa, anaongeza kwamba mshika usukani huujua usukani mwema kuliko seremala aliyeutengeneza, na mgeni huhukumu karamu vizuri kuliko mpishi. Nahodha yeyote wa jahazi angekubali, na pengine hata fundi wa jahazi angekubali, ingawa kwa kunung'unika.

Nao wamesema kweli, ila nusu ya kiko tu. Mvutaji ndiye anayejua kama kiko kinalemea meno, kama ukuta wa tundu ni mwembamba kiasi cha kuunguza vidole, kama njia ya moshi inaingia mahali pake chini kabisa ya tumbaku. Katika hayo maneno yake ni amri halali. Lakini tembo si sehemu ya uvutaji. Hakuna anayemtumia tembo yule; hutazamwa tu. Na kwa Plato mwiga alikuwa wa mwisho katika daraja zile tatu, jambo linalomwacha mteja wetu mahali pa ajabu: ni bwana wa chombo, na juu ya sanamu hana elimu yoyote inayotokana na kuitumia. Amri yake juu ya mrija ina msingi wa maarifa. Amri yake juu ya mkonga ina msingi wa fedha. (Makatazo ya tumbaku, ambayo wanazuoni wa Kiibadhi waliyakazania hasa, na suala la kuchonga sura za viumbe wenye roho ni mada nzito zenye kustahili makala zake.)

Itasemwa kwamba fedha nazo ni msingi. Mchongaji hakulazimishwa, alikubali bei, alisoma maelezo, aliona picha. Hoja hii ingekuwa na nguvu zaidi kama kukataa kungekuwa na gharama sawa kwa pande zote mbili. Mteja asiyepata tembo wake anakosa pambo. Mchongaji anayekataa maagizo matatu mfululizo anakosa kodi ya karakana. Ridhaa ya namna hiyo ni ya kweli, lakini haitoi ruhusa ya kila kitu, kama vile njaa ya mgeni haimpi mwenyeji ruhusa ya kumchagulia dua.

Fasihi ya Kiswahili yenyewe ina deni katika jambo hili. Utendi wa Tambuka, ambao hati yake ina tarehe ya mwaka 1728, ulitungwa na Mwengo wa Athumani kwa agizo la mtawala wa Pate. Mtawala alitaka kisa cha vita na Herekali. Alichopewa ni utendi wenye mizani, vina na mpangilio ambao hakuna mtawala aliyeweza kuuagiza kwa kina, kwa sababu maelezo yake kamili yangekuwa ni utendi wenyewe. Hiyo ndiyo tabia ya kila agizo la sanaa: maelezo huishia mahali, na kazi huanzia hapo. Historia imelihifadhi jina la mtunzi, na haijawahi kusema kwamba Pate ilitungisha tu.

Wachongaji wa Eskişehir hawakupata daima nafasi hiyo. Katika karne ya 19 jiwe liliondoka kwao likiwa ghafi, likachongwa Vienna na miji mingine ya Ulaya, na sifa ikabaki huko. Katika miaka ya 1970 serikali ya Uturuki ilipiga marufuku kusafirisha madonge ghafi nje ya nchi, na tangu hapo anayetaka kiko cha jiwe hilo hana budi kuzungumza na mtu wa huko. Wahanafi walikwisha kuligusa jambo hili bila kulikusudia: waliposema kwamba mteja akileta malighafi yake mwenyewe, mkataba si istisnaa tena, ni ijara, yaani amekodi mikono. Mwenye jiwe ana nafasi ya kusema "donge hili halimbebi tembo huyo." Aliyekodiwa mikono hana.

Afrika Mashariki inalijua jiwe hili pia. Lipo katika bonde la Amboseli, na huko Sinya, upande wa Tanzania, lilichimbwa. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya Arusha iliyoitwa Tanganyika Meerschaum Corporation ilitengeneza viko vya chapa ya Kiko, vyenye alama ya tembo. Sehemu nyingine ya jiwe ilisafirishwa hadi Isle of Man, ikageuzwa viko huko. Tembo wa Arusha alikuwa alama ya biashara, mmoja kwa viko vyote, na waliomfahamu tembo kwa macho yao hawakuombwa kumchonga. Wanaoombwa leo ni mafundi wa Eskişehir, ambao wengi wao humjua kwa picha zinazotumwa na wateja.

Kiko kikishafika, kazi haijaisha. Jiwe huingia kikiwa cheupe, na kwa miaka ya kuvutwa nta na lami ya tumbaku huligeuza rangi ya asali, kisha ya mdalasini, kuanzia chini kwenda juu. Hapo mteja hatimaye anafanya jambo ambalo mchongaji hawezi kumfanyia. Hekaya mashuhuri ya viko hivi, ambayo watafiti wengi hawaiamini, inasimulia kwamba mwaka 1723 bwana mmoja wa Kihungari alimpa mshona viatu wa Pest, aliyeitwa Kovács, donge la jiwe hili lililotoka Uturuki, amchongee kiko. Kovács alichonga viwili, kimoja cha bwana na kimoja chake. Mikono yake ilikuwa na nta ya kushonea viatu, na kila alipokishika kiko chake pakatokea alama ya dhahabu, ndipo akakipaka nta chote. Bwana hakuagiza nta, wala hakuagiza kiko cha pili.