Shahidi Asiyehojiwa

"Yaliyopita si ndwele, mzee wangu. Tugange yajayo." Ofisa kijana alisema hivyo kwa upole, akamrudishia mwanahewa wa zamani bahasha yake juu ya kaunta. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mzee huyo, katika ofisi moja mjini Nakuru ambayo sitaitaja. Upole ule ndio ulioniudhi. Angetukana ningemjibu papo hapo; kwa methali nilibaki kimya, na majibu yangu yamenijia nyumbani, pamoja na hasira.

Ndani ya bahasha mlikuwa na cheti cha kuachishwa jeshi. Ni karatasi moja iliyopigwa taipureta, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kuachia, na kila herufi ya o imetoboka kwa jinsi ilivyogongwa. Ina namba yake ya utumishi, cheo, tarehe, muhuri wa zambarau, na kwenye mstari wa sababu ya kuondoka yapo maneno machache ya Kiingereza yanayosema kwamba huduma yake haihitajiki tena. Hakuna kosa lililotajwa wala hukumu. Lakini mwajiri yeyote wa Kenya aliyesoma maneno hayo na kuona mwaka, 1982, alijua afikirie nini.

Mwaka huo hauhitaji maelezo marefu. Jumapili ya tarehe 1 Agosti, baadhi ya wanahewa walitwaa kituo cha redio cha Sauti ya Kenya jijini Nairobi na kutangaza kwamba wameipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi. Jeshi la nchi kavu liliwazima. Kilichofuata ndicho kinachonihusu. Jeshi zima la Wanahewa lilivunjwa, takriban watu 2,000 wakatiwa mbaroni na kugawanywa magerezani, Naivasha likiwa mojawapo. Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu walihukumiwa na mahakama ya kijeshi, wakanyongwa mwaka 1987. Wapo waliofungwa kwa hukumu. Wapo pia wengi ambao hawakushtakiwa kwa lolote: waliwekwa ndani, wakahojiwa kwa mateso ambayo Mahakama Kuu imekuja kuyakubali katika kesi kadhaa na kuamuru fidia, kisha wakakabidhiwa karatasi na kuambiwa waende kwao.

Mzee wa bahasha alikuwa kwao Bahati kwa likizo yenye kibali. Habari za mapinduzi alizisikia redioni kama raia mwingine yeyote. Alitii amri ya kurejea kambini, akakamatwa langoni. Leo hadai pesa. Anataka faili liseme alikuwa likizoni, sababu ya kuondolewa kwake iandikwe upya, na mwenendo wake utajwe kuwa mwema, maana bila neno hilo hakuna medali ya utumishi ambayo anaweza hata kuiomba.

Haki ni kumpa kila mtu kinachomstahili. Ukweli ni kauli kuafikiana na jambo lilivyo. Wanafalsafa wana karne nyingi za kubishana juu ya sentensi hizi mbili, nami nazichukua jinsi zilivyo, kwa kuwa ugomvi wangu hauko hapo. Uko katika swali hili: serikali inapoandika jambo lisilo kweli juu ya raia wake, kosa hilo hutendeka lini?

Ofisa wetu aliamini lilitendeka 1982. Ndiyo maana methali ilimjia kwa urahisi. Mimi nasema kosa la maandishi halina tarehe moja. Mtu akikupiga kofi, kofi limekwisha. Kinachobaki ni uchungu, na uchungu unaweza kupoa. Faili halipoi. Kila linapofunguliwa linasema tena, kwa wakati uliopo, kwa sauti ya dola, kwamba huyu ni mtu asiyehitajika. Lilisema alipoomba kazi ya ulinzi, na alipotaka mkopo wa chama cha ushirika. Litasema wajukuu watakapouliza kwa nini babu yao hana picha akiwa amevaa sare. Anayesema yamepita aniambie yamepita saa ngapi.

Kisha kuna suala la nani anaruhusiwa kuitumia methali hiyo. Katika kinywa cha aliyedhulumiwa, ni msamaha, tena mkubwa. Mzee angemwambia ofisa, "Mwanangu, yaliyopita si ndwele," ningemvulia kofia. Lakini inapotoka upande wa aliyedhulumu, au wa mrithi wa kiti chake, inageuka kuwa mkono unaochukua kisichotolewa. Mdeni hawezi kujisamehe deni kisha akamtaka mdai ashukuru.

Wala hakuna Mkenya anayeiamini methali hiyo mbele ya kaunta. Kijana ambaye jina lake kwenye cheti cha KCSE limeandikwa kwa w na kitambulisho chake kina u, hakuna anayemwambia agange yajayo. Anaelekezwa kwa wakili aape kiapo, alipe, apige muhuri, arudi. Huku kwetu Bonde la Ufa watu wameuza ng'ombe kufuatilia kosa la namba ya ploti lililoandikwa wakati wa skimu za makazi za miaka ya 1960, na mahakama ya ardhi inawasikiliza kwa makini. Herufi moja kwenye hatimiliki ni jambo zito, ila mstari mzima kwenye maisha ya mwanajeshi unaitwa mambo ya kale. Ukichunguza utaona kwamba kinachotofautiana ni mwenye cheti tu. Na serikali yenyewe inaamini hivyo hivyo. Ingeamini kwamba yaliyopita yamepita, isingekuwa na masijala.

Tena ilisharekebisha upande wake. Jeshi la Wanahewa lilipovunjwa, lilipangwa upya chini ya jina lililobeba mwaka wa aibu, Jeshi la Anga la 82, na likakaa chini ya uangalizi wa jeshi la nchi kavu. Mwaka 1994 lilirudishiwa hadhi na jina lake la kwanza. Taasisi ilionekana inastahili jina safi baada ya miaka 12, wala sikumbuki mtu yeyote akiuliza litaisaidia nini. Watu waliokuwa ndani ya taasisi hiyo hawakuwa na hadhi ya kurudishiwa chochote.

"Lakini ameshazeeka," ofisa aliniambia mimi, mzee alipotoka. "Itamsaidia nini sasa?" Hapo ndipo damu ilinichemka. Mwaka 1906, mjini Brownsville, Texas, wanajeshi weusi 167 wa Marekani walifukuzwa kwa amri ya Rais Theodore Roosevelt, bila kesi, kwa sababu ya ufyatuaji risasi ambao hakuna aliyethibitishiwa. Jeshi liliwasafisha mwaka 1972, miaka 66 baadaye, wakati karibu wote wakiwa kaburini. Kwa hesabu ya ofisa wetu, kazi ile ilikuwa bure, kwa kuwa wafu hawali pensheni. Mimi nauliza tofauti: kabla ya 1972, nani alikuwa anasema uongo? Si wafu. Uongo ulikuwa wa Marekani yenyewe, hai, tajiri, yenye maktaba na wanasheria, na iliendelea kuusema mpaka siku ilipoacha. Kurekebisha rekodi hakumpi mzee tu kitu. Kunamwondolea anayeandika tabia ya uongo. Hata kama hakuna anayenufaika, hata kama familia nzima imehamia ng'ambo na kusahau, anayejua kwamba ushahidi wake si kweli ana wajibu wa kuubadilisha. Hilo tunawafundisha watoto wa darasa la tatu.

Najua wapo watakaokuja na vyeti vya kughushi, na uchunguzi lazima uwe mkali. Najua pia kwamba baadhi ya wanahewa waliasi kweli, na watu walikufa.

Swali la nani athibitishe ndilo linalopita yote hayo. Kwa desturi yetu mzigo huo anabebeshwa mzee: alete kibali cha likizo cha mwaka 1982, karatasi aliyonyang'anywa langoni pamoja na mshipi na viatu. Aliyekuwa na kalamu, karatasi, kabati na ufunguo hakuulizwa kitu. Faili katika nchi hii ni shahidi asiyehojiwa; hupokelewa kama lilivyo, na binadamu aliye hai ndiye anayeshukiwa. Katiba ya 2010 ilikusudia kuligeuza hilo. Kifungu cha 35(2) kinampa kila mtu haki ya kusahihishwa au kufutwa kwa habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu. Kifungu cha 24 kinaorodhesha haki ambazo sheria inaweza kuzipunguza kwa walio jeshini, na cha 35 hakimo katika orodha hiyo. Marekani ilianzisha tangu 1946 bodi za kusahihisha rekodi za wanajeshi, na kigezo chake ni chepesi kukumbuka: kosa au dhuluma. Si lazima karani awe amekosea herufi. Inatosha kwamba kilichoandikwa, hata kwa utaratibu kamili, hakikuwa haki.

Hapa nitatoka njiani kidogo, maana suala la majina halijawahi kuniacha. Ukienda kwenye makaburi ya vita pale Gilgil utakuta nyasi zimekatwa na mawe yamesimama mistari, kila moja na jina. Nimewahi kuyasoma moja baada ya jingine nikijiuliza ni mangapi ni ya kweli. Kijana wa Kipsigis huitwa Kiprono kwa kuwa alizaliwa mbuzi wakirejea jioni, au Kipkoech kwa kuwa alizaliwa alfajiri. Akishatahiriwa hubeba jina la baba yake, arap fulani. Basi aliyeandikishwa na King's African Rifles kwa jina moja angeweza kurudi nyumbani na jingine, mtu yuleyule, na karani asione uhusiano. Wapo Wakikuyu waliojiandikisha kama Wakamba kwa sababu maofisa Waingereza waliwaona Wakamba na Wakalenjin kuwa ndio makabila ya vita. Wakapigana kwa kabila la kuazima, hata Burma, na wakifa walikufa nalo. Nyota zilizotolewa na Uingereza baada ya Vita vya Pili kwa kawaida hazikuchongwa jina la aliyevishwa. Ukiikuta moja kwenye kasha la bibi huko Njoro, chuma chenyewe hakikwambii ni ya nani. Ni rekodi pekee inayomfunga mtu na medali yake, na rekodi ndiyo hiyo yenye jina la kuazima.

Na hao angalau waliandikwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, huenda hata 350,000, waliokufa wakiitumikia Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na labda hawakukumbukwa kabisa. Wengi walikuwa wapagazi, wale wa Kariakoo. Utawala uliowatafuta kijiji kwa kijiji ili kuwabebesha mizigo ulishindwa kuwatafuta ili kuwaandika. Nafikiri mara nyingi juu ya tofauti kati ya mtu aliyeandikwa vibaya na mtu asiyeandikwa. Zamani nilidhani wa pili ndiye aliyeonewa zaidi. Siku hizi sina hakika: asiyeandikwa, ukoo wake unaweza kumsimulia upendavyo; aliyeandikwa vibaya, simulizi ya ukoo inagongana na muhuri, na muhuri hushinda.

Lanet, hapa hapa mlangoni petu, tulilijua hilo mapema. Januari 1964, hata miezi miwili ya uhuru haijatimia, askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi kambini. Wanajeshi wa Uingereza waliokuwa Gilgil waliitwa, kikosi kikavunjwa. Wapo waliohukumiwa na wapo walioachishwa bila kufikishwa mbele ya yeyote. Mtindo wa 1982 haukubuniwa 1982.

Lipo jambo linalonishinda, nami siwezi kulifunika. Yule aliyekuwa zamu usiku ule wa Agosti 1982, akaelekezewa bunduki na mwenzake, akaambiwa panda lori, akapanda. Saa tatu baadaye alitupa silaha na kukimbia. Faili lake liseme nini? Aliasi? Alilazimishwa? Fomu ina mstari mmoja. Na yule ambaye mashahidi wake wote wamekufa, na karatasi zake zimeliwa na mchwa: je, tuandike kwamba hakuwa na hatia, hali hatujui? Nikishikilia kwamba rekodi lazima iseme kweli, basi kwa huyu rekodi ya kweli ni inayosema haijulikani. Lakini mpelekee mtu wa miaka 70 neno hilo kama zawadi ya kusubiri miaka 40. Kuna siku naona ni bora kuliko tusi lililopo. Kuna siku naona ni tusi jingine. Mara nyingine najaribu kusema kwamba palipo na shaka aliyekuwa na kalamu ndiye apoteze, kama mahakamani, halafu nakumbuka kwamba rekodi si hukumu, na kumhurumia mtu si sawa na kumshuhudia.

Kwa hiyo sina kauli ya mwisho kuhusu hao. Kwa waliokuwa likizoni ninayo, na ndugu msomaji wa Bahati, Njoro, Molo, Subukia au kokote, ninakuomba kitu kimoja. Kama Jumapili ile ya tarehe 1 Agosti 1982 ulimwona mwanahewa nyumbani, kanisani, sokoni au shambani, yuko mbali na kambi yake, nenda kwa wakili ukaape na kuweka sahihi. Andika jina lake lote, na majina mengine aliyoitwa. Usingoje aombe, kwa sababu wengi wao wamechoka kuomba, na wewe pia unazeeka.